Upasuaji wa asubuhi-na-kurudi au kulazwa hospitali kubwa: uchague kipi

Ndani ya miaka miwili nimeuguza watu wawili wa familia yangu, mjomba na mama. Mmoja alilazwa hospitali kubwa ya serikali hapa Dar, mwingine alifanyiwa asubuhi na mchana akala ugali nyumbani kwake, na tangu hapo kila ndugu akiambiwa na daktari kwamba anahitaji upasuaji simu inapigwa kwangu, nieleze aende wapi. Nimeeleza mpaka sauti imekauka, kwa hiyo acha niyaandike yote sehemu moja.

Nianze na mjomba. Alikuwa na henia ya kinena, ile wengine tunaiita ngiri, haimuumi kila siku ila akibeba mzigo inashuka na kumsumbua. Akapata rufaa, akapewa tarehe, akaambiwa aje Jumapili jioni alazwe ili afanyiwe Jumatatu. Jumatatu hajala tangu saa sita usiku, kakaa hivyo mpaka saa tisa alasiri, nesi akaja kwa upole kabisa akasema leo haitawezekana, zimeingia ajali mbili za bodaboda thieta imejaa. Jumanne tena kafunga, akaletwa dada mmoja mimba imetunga nje ya kizazi, na hapo nani abishe, yule akicheleweshwa anakufa. Jumatano mgonjwa wa utumbo uliojisokota. Alhamisi ndo mjomba akaingia, dakika kama arobaini hivi wakamaliza, Ijumaa akaruhusiwa. Yaani usiku tano kitandani kwa kazi ya dakika arobaini.

Na kitu kinachoniuma mpaka leo sio kwamba mjomba alisubiri. Kinachoniuma ni kwamba usiku wa Jumatatu na Jumanne alilala mzungu wa nne na kijana aliyepasuliwa tumbo, kijana ana mirija, hawezi kujigeuza, na nusu ya kitanda chake imekaliwa na mzee mzima wa afya anayesubiri zamu. Mjomba mwenyewe aliona aibu, usiku wa pili akashuka akalala chini kwenye mkeka. Hakuna daktari wala nesi aliyekosea pale. Mgonjwa wa kupangiwa na mgonjwa wa dharura wamepitishwa mlango mmoja, na kila siku dharura itashinda, na ni haki ishinde.

Mama yangu yeye ilikuwa mtoto wa jicho. Tulifika saa moja asubuhi, wakapima presha na sukari, wakaweka matone, ganzi, akaingia, nadhani hata nusu saa haikufika, akatoka na bandeji jichoni, akapewa chai na mkate, akaelekezwa dawa, saa tano na nusu tupo kwenye bajaji tunarudi. Hakugusa kitanda cha wodi hata dakika moja.

Sasa sisemi kwamba moja ni nzuri na nyingine mbaya, maana kuna watu nimewazuia kabisa wasiende kituo cha siku moja na nilikuwa sahihi kuwazuia. Tuziweke pembeni kwa pembeni.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini

Upasuaji wa siku moja ni ule unaoingia asubuhi na kutoka siku hiyohiyo, haulali. Na sio kitu kipya cha kisasa kama watu wanavyofikiri. Mwaka 1909 daktari mmoja wa Glasgow, James Nicoll, aliripoti upasuaji 8,988 wa watoto uliofanywa ndani ya miaka kumi bila kuwalaza, zikiwemo henia na midomo sungura, hoja yake ikiwa kwamba mtoto akifungwa kidonda vizuri anauguzwa na mama yake nyumbani vizuri tu kuliko wodini, na wale wenye watoto wachanga akawatafutia nyumba ndogo karibu na hospitali wakae hapo. Hiyo nyumba muikumbuke, nitairudia. Halafu Februari 1970 kule Phoenix, Arizona, madaktari wawili wa nusu kaputi, Wallace Reed na John Ford, wakafungua kituo kilichosimama chenyewe nje ya hospitali kwa kazi hiyo tu, na leo Marekani ina vituo vya namna hiyo zaidi ya 6,000. Uingereza kwenye mpango wao wa afya wa mwaka 2000 walijiwekea lengo kwamba asilimia 75 ya upasuaji wa kupangiwa uwe wa kwenda na kurudi.

Kwetu utakutana na sura tatu. Kuna kitengo cha siku moja kilichomo ndani ya hospitali kubwa, kina ratiba yake. Kuna kituo au kliniki iliyojitegemea mtaani, nyingi ni za binafsi au za mashirika. Na kuna kambi, madaktari bingwa wanakuja hospitali ya wilaya wiki moja wanafanya wengi kisha wanaondoka, kama zile za madaktari bingwa wa Rais Samia zilizoanza 2024. Kila moja ina mambo yake ila kwa anayechagua, swali kubwa ni je nitalala hospitali au sitalala.

Tarehe: nani anakufanyia siku aliyokwambia

Hapa kituo cha siku moja kinashinda na sioni wa kubishana. Hakina chumba cha dharura, bodaboda ikigongana Mandela Road majeruhi hapelekwi pale, kwa hiyo ukiambiwa Jumanne saa mbili basi ni Jumanne saa mbili au saa nne. Kwa mama ntilie, fundi, dereva, mtu ambaye siku asipofanya kazi hali, hii ni tofauti kubwa sana, unamwambia bosi siku moja ya upasuaji na siku kadhaa za kupumzika, basi, haupotei wiki bila kujua utarudi lini.

Hospitali kubwa tarehe ni ya kuombea. Ukiahirishwa mara ya kwanza usikasirike, muulize nesi kama unaweza kwenda kulala nyumbani ukarudi asubuhi, maana kuna sehemu wanaruhusu wakikuona ni mzima na unakaa karibu, sisi hatukujua kama tunaweza kuuliza.

Na kama una kisukari, popote utakapokwenda, omba uwe wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo. Kukaa na njaa mpaka alasiri ukiwa na kisukari sio mchezo. Kuhusu kufunga, wengi tunazidisha, tunafunga mpaka maji tangu jioni. Kawaida unaacha chakula masaa sita kabla ya upasuaji na maji matupu masaa mawili kabla, lakini fuata atakachokwambia daktari wako wa usingizi, usifuate cha jirani.

Usiku

Nikipigiwa simu hiki ndo kitu ninachouliza kwanza kuliko hela. Upasuaji mwenyewe unafanana kote, ni ngozi ileile na uzi uleule, tofauti ipo kwenye usiku wa kwanza. Hospitali ukizidiwa saa nane usiku unamwita nesi. Nyumbani unamwita nani?

Vitu vinavyoweza kutokea usiku ule vinajulikana. Kidonda kuvuja damu. Kutapika kwa sababu ya dawa za usingizi. Maumivu kupanda ganzi ikiisha, na hii karibu kila mtu anaipata. Kwa aliyechomwa sindano ya mgongo, hasa wazee wa kiume wenye tezi dume, mkojo unaweza kugoma kabisa, tumbo linajaa mtu anahangaika, anahitaji kuwekewa mpira. Tonsili zina hatari mbili, kuna damu ya siku ya kwanza halafu kuna ile inayoweza kuja siku ya tano mpaka ya kumi wakati mshaanza kusahau. Hivi vingi havitokei, ila vikitokea vinataka mtu, usafiri na hospitali iliyo karibu.

Kwa hiyo mi nauliza hivi. Kuna mtu mzima atakayelala na wewe usiku ule, sio mtoto wa darasa la tano, mtu mzima anayejua kupiga simu? Kuna gari au bajaji ya mtu unayemjua atakayepokea simu usiku? Kutoka ulipo mpaka hospitali yenye thieta inayofanya kazi usiku ni dakika ngapi, na nasema dakika sio kilomita, maana mtu wa Chanika mvua ikinyesha na mtu wa Kigamboni anayetegemea pantoni au kuzunguka darajani hawawezi kupiga hesabu sawa na mtu wa Upanga. Wataalamu wengi wanataka uwe ndani ya saa moja. Choo kiko ndani au unavuka uwanja? Unakaa ghorofa ya nne bila lifti? Mtu wa henia siku ya kwanza kupanda ngazi ni mateso.

Majibu yakiwa mabaya mawili matatu, nakwambia nenda ulazwe, hata kama upasuaji wenyewe ni mdogo. Na usione vibaya, hicho kitanda ni haki yako.

Kuna jirani yetu alifanyiwa kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, upasuaji ulienda vizuri, saa kumi jioni wakamruhusu wakampa namba ya simu. Saa tano usiku damu ikaanza kuloanisha bandeji, namba ikapigwa mara nane haikupokelewa, tukamkimbiza hospitali ya rufaa ya mkoa na pale hawana faili lake wala hawajui alichofanyiwa ndani, wakaanza upya. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo nikienda kituo chochote nikipewa namba naipiga palepale nikiwa mapokezi nione inaita wapi, halafu naomba karatasi ya kuruhusiwa iandikwe amefanyiwa nini, kwa dawa gani, na daktari nani. Usitoke bila hiyo karatasi.

Na hapa ndo narudi kwenye ile nyumba ya Nicoll. Kwetu wajawazito wa mbali wana chigonela, nyumba za kusubiria karibu na hospitali, mama anakaa hapo wiki za mwisho ili uchungu usimkute porini. Mtu wa henia anayetoka Kisarawe ndani huko hahitaji kitanda cha wodi chenye nesi wa zamu, anahitaji godoro, choo safi na awe hatua mia mbili kutoka hospitali kwa usiku mmoja au miwili. Nyumba kama hiyo kwa wagonjwa wa upasuaji mdogo ingefungua mlango wa siku moja kwa watu wa mbali ambao leo wote inabidi walazwe. Sielewi kwa nini haiongelewi zaidi. Mpaka itakapokuwepo, kama una ndugu anaishi karibu na hospitali, kalale kwake usiku ule, ndo chigonela yako.

Hela

Hospitali ya serikali bili yake ukiisoma ni ndogo, unalipa kwa kumbukumbu namba na risiti unayo, na asiye na uwezo kabisa anaweza kwenda ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitali akaomba msamaha. Lakini piga hesabu nzima. Sisi kwa mjomba tulipeleka chakula mara tatu kwa siku, nauli za kwenda na kurudi za watu wawili, shangazi alifunga genge lake wiki nzima. Tukijumlisha, bili ya hospitali ilikuwa sehemu ndogo ya tulichotumia.

Kituo cha binafsi kinakuja na pakeji, unalipa mara moja na kwa kawaida kabla ya kuingia. Inatisha ukiisikia kwa mkupuo, ila uliza ndani kuna nini: vipimo vya damu vimo? daktari wa usingizi yumo? dawa za kwenda nazo nyumbani? kusafisha kidonda na kutoa nyuzi? na ikitokea shida wakanihamishia hospitali nyingine gari analipa nani? Sehemu mbili zenye bei tofauti zinaweza kuishia sawasawa ukishajua hayo.

Wenye bima kuna mtego mmoja. Bima nyingi zina fungu la kulazwa na fungu la matibabu ya nje, na upasuaji wa siku moja unaweza kuhesabiwa huku au kule kutegemea na bima, ukikatwa kwenye fungu la nje linaweza kuisha siku hiyohiyo. Piga bima yako kabla, uliza upasuaji wangu unahesabiwa wapi, kibali kinatakiwa, na kituo hiki kipo kwenye orodha yenu. Walio Kenya nako vitu vimebadilika tangu SHA, bima yao mpya ya afya ya taifa, ichukue nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024, kwa hiyo majibu ya jirani aliyefanyiwa zamani msiyategemee.

Usalama

Watu wanadhani hospitali kubwa ni salama zaidi kwa kila kitu. Ni kweli kwa mgonjwa mwenye mambo mengi: ina ICU, ina benki ya damu, daktari wa moyo yupo jengo la pili, na kitu kikiharibika mezani msaada unaitwa kwa miguu, sio kwa simu. Kama una presha isiyotulia, moyo, pumu inayokulaza mara kwa mara, uzito mkubwa sana, au unakoroma mpaka pumzi zinakatika usingizini, au unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, anzia huko na usikubali kushawishiwa na haraka. Mtoto njiti pia, hata akishafika nyumbani na kunenepa, miezi ya mwanzo akipewa nusu kaputi anatakiwa aangaliwe usiku kucha kwa sababu pumzi zinaweza kusimama.

Lakini kwa mtu mzima wa afya mwenye tatizo dogo, wodi iliyojaa nayo ni hatari, vijidudu vya hospitali vinapenda sana kidonda kibichi, na kila siku ya ziada pale ni siku ya ziada ya kukaa navyo. Halafu kuna ule wepesi wa mkono, timu inayofanya mtoto wa jicho kutwa nzima wiki nzima inafanya vizuri. Aravind ya Madurai kule India ilianza 1976 na vitanda 11 tu chini ya Dokta Govindappa Venkataswamy, ikawa moja ya hospitali kubwa kabisa za macho duniani kwa njia hiyohiyo ya kupanga kazi moja ifanywe mfululizo na watu walioizoea.

Kituo cha mtaani usikiamini kwa sababu ya vigae na AC. Uliza ana leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika yule atakayekushika, uliza nani anatoa nusu kaputi na je atakuwepo mpaka uamke au anakimbilia kituo kingine. Uliza oksijeni ya akiba ipo, jenereta inawaka, wakikuhamisha wanakupeleka hospitali gani na wameshakubaliana nayo au watabahatisha siku hiyo. Kituo kizuri kitakujibu bila kununa. Na popote pale, hospitali au kituo, kabla ya dawa ya usingizi wanatakiwa wakuulize jina lako, unafanyiwa nini, na upande gani. WHO imeweka fomu ya hivyo tangu 2008 yenye vipengele 19. Wakikuuliza mara tatu usiudhike, furahi. Wasipokuuliza kabisa, sema wewe mwenyewe: mimi ni fulani, henia, kulia.

Ugonjwa kwa ugonjwa, kwa haraka

Mtoto wa jicho: siku moja, sina hata la kufikiri. CCBRT pale Msasani watu wamekuwa wakienda kwa macho miaka na miaka, na kliniki nyingi za macho za mikoani zinafanya. Kulazwa ni kwa mtu anayetoka mbali au mwenye ugonjwa mwingine.

Henia ya kinena kwa mtu mwenye afya: siku moja, ukishajibu yale maswali ya usiku. Ila henia iliyoshuka ikagoma kurudi, inauma, unatapika, hiyo sio ya kupangiwa tena, hiyo ni dharura ya hospitali kubwa sasa hivi usiku huuhuu.

Busha nataka nikae kidogo maana ni ugonjwa wetu watu wa pwani, Tanga, Pwani, Dar, Lindi, Mtwara, na wanaume wanateseka nao kimya. Mzee yuko radhi avae kanzu pana miaka ishirini kuliko kulazwa wodi ya wanaume ambapo shemeji zake na majirani watakuja kumuona na kumuuliza unaumwa nini. Kwa mtu kama huyu kulazwa kwenyewe ndo kikwazo, upasuaji wala haumtishi. Ndo maana kambi za mabusha zinazofanywa chini ya mpango wa taifa wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele zinapata watu, mzee anakuta wenzake ishirini kwenye benchi, aibu inaisha. Busha la kawaida linafanyika kwa kwenda na kurudi. Kubwa sana, la miaka mingi, linataka kulala na kuangaliwa. Kama una baba au babu mwenye tatizo hili, usimwambie hospitali, mwambie asubuhi unakwenda jioni unarudi na mtu hajui, utashangaa anavyokubali.

Tonsili za mtoto: nusu kwa nusu. Kama mnakaa karibu sana na hospitali sawa, la sivyo alale usiku mmoja. Uvimbe mdogo wa titi au wa ngozi wa kutolewa ukapimwe, siku moja. Kufunga kizazi, siku moja. Vijiwe vya nyongo kwa matundu, inategemea na timu, kuna sehemu wanaruhusu siku hiyo ila mi ndugu yangu ningemlaza usiku mmoja. Fibroidi za kufunguliwa tumbo, tezi dume la kupasuliwa, goita kubwa, kujifungua kwa upasuaji: kulazwa, na mtu akikwambia kuna kituo kinakuruhusu jioni, ondoka hapo.

Je inapunguza kweli msongamano, au ni maneno

Hili watu hawaniulizi kwenye simu ila mi ndo linaninyima usingizi, kwa sababu ya yule kijana wa mirija.

Inapunguza, lakini sio wodi zote. Ukienda wodi ya wazazi wanawake wawili kitanda kimoja na vichanga vyao, kituo cha henia hakitawasaidia chochote. Wodi ya presha, kiharusi na figo, hakitawasaidia. Zinazopata nafuu ni wodi za upasuaji na orodha ya kusubiri thieta, na hapo nafuu ni kubwa. Kila mtu wa henia, busha na uvimbe mdogo anayepitia mlango wa pembeni anaacha kitanda cha siku tatu mpaka tano kwa mtu aliyevunjika nyonga au kupasuka utumbo, na anaacha pia manesi, shuka na dripu. Uingereza foleni yao ya kusubiri ilifika matibabu kama milioni 7.7 Septemba 2023, na mojawapo ya walichofanya ni kujenga vituo vya upasuaji wa kupangiwa ambavyo dharura haiingii, ili kitanda kisichukuliwe. Wale wana hela kutuzidi mara nyingi na bado wamefikia hapo, kwamba tenganisha milango.

Lakini kuna mahali inaweza kutuumiza. Madaktari wa upasuaji na hasa watu wa nusu kaputi ni wachache. Kituo cha binafsi kikifunguliwa kikamchukua mtu wa usingizi wa hospitali ya mkoa kila mchana, basi kule mkoani thieta ya pili imefungwa, wagonjwa wepesi wenye hela wametoka na wagonjwa wagumu wasio na hela wamebaki na watu wachache zaidi wa kuwahudumia. Vitanda vinaweza kupungua huku foleni inarefuka. Kwa hiyo nikiulizwa kama raia na sio kama ndugu wa mgonjwa, ninachokitaka mimi ni kitengo cha siku moja cha serikali, ndani ya uzio wa hospitali ileile au jirani kabisa, chenye thieta yake, mlango wake na orodha yake, mgonjwa akizidiwa daktari anavuka uwanja tu.

Na tusisahau tulichonacho tayari. Miaka hii tangu 2017 mamia ya vituo vya afya nchini vimejengewa vyumba vya upasuaji, hasa kwa ajili ya mama wajawazito. Daktari wa wilaya akipanga siku mbili maalum kwa wiki, akaja na timu yake, akafanya henia sita na mabusha manne kwenye kituo ambacho watu wanafika kwa miguu, wale kumi hawatapanda basi kwenda Muhimbili au Mloganzila. Sharti iwepo meza ya pili, maana mama wa uchungu akija lazima apite mbele na tukiwa na meza moja tumerudi palepale kwa mjomba. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilisema watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wa bei wanayoiweza, na wengi wao sio wanaosubiri kupandikizwa moyo, ni watu wa henia na uzazi pingamizi na mfupa uliovunjika.

Mimi ningeenda wapi

Ningekuwa na kitengo cha siku moja ndani ya hospitali ya rufaa, ningeanzia hapo kwanza, unapata wepesi wa kituo na mgongo wa hospitali. Wengi hatujui kama kipo kwa sababu hatuulizi. Siku daktari anapoandika rufaa, kabla hajainua kalamu, mwambie dokta naomba kama inawezekana nifanyiwe nirudi, nina mtu wa kulala naye na naishi dakika kadhaa kutoka hapa. Mara nyingi anakulaza kwa sababu hajui nyumbani kwako kukoje. Hakuna kitengo, nina afya, nina mtu wa usiku na hela inatosha, kituo cha pembeni kilichojibu maswali yangu. Vikikosekana hivyo, wodi, na mkeka wa akiba ubebe.

Mama jicho la pili amepangiwa mwezi ujao, palepale, Jumatano saa moja asubuhi. Nimeshaongea na yule dereva wa bajaji, dada yangu atalala kwake usiku huo, na ile namba ya zamu ya usiku nimeipiga jana saa nne, ikaita mara mbili, akapokea nesi.